Namba 2,147,483,647: Utasa Wake, Ukomo Wake na Athari Zake kwa Kumbukumbu za Umma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namba nzima moja, 2,147,483,647, ambayo kwa mfumo wa vipeo huandikwa 2³¹−1. Namba hiyo ina sifa mbili ambazo kwa kawaida hujadiliwa na watu wasiokutana. Kwanza, ni namba tasa, jambo lililothibitishwa na Leonhard Euler mwaka 1772. Pili, ni ukomo wa juu wa hesabu inayoweza kuhifadhiwa na kompyuta katika nafasi ya biti 32 inayotunza pia alama ya chanya au hasi. Makala yanaonesha kwamba sifa zote mbili zinatokana na umbo moja la namba lakini hazitegemeani, na kwamba ile ya pili, isiyo na uzito wowote katika nadharia ya namba, ndiyo inayostahili kuwashughulisha wanaoandaa sera za kumbukumbu za ardhi, fedha na utambulisho katika ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Namba inayojadiliwa hapa haina ukubwa wa kutisha. Ina tarakimu kumi tu, na bajeti ya wizara kubwa katika nchi yoyote kati ya zetu huizidi mara nyingi. Hata hivyo, kuitamka tu kwa Kiswahili kunatudai uangalifu. Kwa mtindo wa kawaida husomwa: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Sehemu ya tatu ikisimama peke yake, yaani “elfu mia nne themanini na tatu”, yaweza kuwa 483,000 na yaweza pia kuwa 400,083 kwa msikilizaji, kwa kuwa Kiswahili hutanguliza jina la daraja kabla ya hesabu yake na hakina alama ya kulifunga daraja hilo. Neno laki, lililotufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara, hupunguza utata huo. Wengine hugeuza mpangilio na kusema “themanini na tatu elfu”. Mwandishi anaona kwamba suala hili linastahili makala yake lenyewe, hasa pale hukumu au mikataba inaposomwa kwa sauti. Hapa itoshe kusema kwamba namba itaandikwa kwa tarakimu.

Swali linaloongoza makala ni hili: kwa nini namba ileile iliyokuwa fahari ya wanahisabati wa karne ya 18 ndiyo hiyohiyo inayojitokeza leo katika makosa ya hifadhidata? Je, ni bahati, au kuna uhusiano? Jibu ni kwamba kuna vyote viwili, na ni muhimu kuvitenganisha.

2.0 Umbo la namba

Tukianza na 1 na kuirudufisha mara 31, tunapata 2,147,483,648. Tukiondoa moja, tunapata namba yetu. Katika mfumo wa binari, wenye tarakimu 0 na 1 pekee, namba hiyo huandikwa kwa moja thelathini na moja zilizofuatana bila sifuri hata moja kati yake. Uhusiano wake na 2³¹ ni sawa na uhusiano wa 999 na 1,000 katika mfumo wetu wa kumi: ni namba ya mwisho kabla ya kuhitaji tarakimu nyingine.

Namba za umbo hilo, yaani 2 kwa kipeo fulani kisha kutoa moja, huitwa namba za Mersenne, kwa heshima ya mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne. Kipeo kikiwa si namba tasa, namba nzima nayo haiwezi kuwa tasa. Sababu yake inaonekana kwa macho. Moja sita zilizofuatana, yaani 63, zaweza kukatwa katika mafungu ya mbilimbili au ya tatutatu, kama vile 999,999 inavyogawanyika kwa 99 na kwa 999. Ndiyo maana 63 ni 21 mara 3, na pia ni 9 mara 7. Kwa hiyo kipeo lazima kiwe tasa. Lakini sharti hilo halitoshi. Kipeo 11 ni tasa, ilhali 2¹¹−1, yaani 2,047, ni zao la 23 na 89.

Mwaka 1644 Mersenne alitoa orodha ya vipeo ambavyo, kwa maoni yake, huzaa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Orodha hiyo ina makosa matano. Vipeo 67 na 257 havikustahili kuwamo. 61, 89 na 107 viliachwa. Kuhusu 31 alikuwa sahihi, ila hakuacha uthibitisho wowote. Kabla yake, Pietro Cataldi wa Bologna alikuwa ametaja 23, 29, 31 na 37 kwa mkupuo mmoja kuwa vinafaa. Baadaye Fermat aliviangusha 23 na 37, naye Euler akakiangusha 29. Katika vinne hivyo kilichosalia ni 31 pekee, na hakuna aliyejua kama kilisalia kwa haki au kwa kukosa mchunguzi.

3.0 Hoja ya Euler

Njia ya moja kwa moja ya kuthibitisha utasa ni kujaribu kuigawa namba kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni kidogo kuliko 46,341, na chini ya hapo kuna namba tasa zinazokaribia 4,800. Kwa kalamu na karatasi, hiyo ni kazi ya miezi. Euler, aliyekuwa St. Petersburg na ambaye wakati huo alikuwa karibu kipofu, hakuifanya kazi hiyo yote. Aliuliza kwanza kigawo, kama kingekuwapo, kingelazimika kuwa na sura gani.

Tuseme q ni namba tasa inayoigawa 2³¹−1 bila baki. Maana yake ni kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa q hubaki 1. Sasa tuanze na 1, tuzidishe kwa 2 mfululizo, na kila mara tuchukue baki la kugawanya kwa q. Baada ya hatua kadhaa tutarejea kwenye 1, na mzunguko utajirudia. Kwa kuwa hatua 31 hutufikisha kwenye 1, urefu wa mzunguko lazima uigawe 31. Lakini 31 ni tasa, na mzunguko hauwezi kuwa wa hatua moja. Kwa hiyo urefu wake ni 31 kamili. Kwa upande mwingine, Fermat alikwisha kuonesha kwamba, kwa q iliyo tasa, hatua q−1 nazo huturejesha kwenye 1. Basi 31 huigawa q−1. Na kwa kuwa q ni witiri, q−1 ni shufwa. Hivyo 62 huigawa q−1. Kwa sentensi moja, kila kigawo tasa lazima kiwe na umbo 62k+1.

Euler hakuishia hapo. Ikiwa 2³¹ hubakiza 1, basi 2³² hubakiza 2. Na 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Kwa hiyo 2 yenyewe ni baki la namba ya mraba inapogawanywa kwa q, jambo ambalo kwa namba tasa witiri hutokea tu pale q inapobakiza 1 au 7 ikigawanywa kwa 8. Masharti mawili yakiunganishwa, q hubaki na nafasi mbili tu: 248n+1 au 248n+63. Msomaji anaweza kuyajaribu masharti hayo kwa mfano mdogo wa 2,047, ambako 22 huchukua nafasi ya 62. Vigawo vyake, 23 na 89, vinazidi kwa moja vigawe vya 22, na vikigawanywa kwa 8 hubakiza 7 na 1.

Chini ya 46,341, namba za maumbo hayo mawili ni 373 tu, na nyingi kati yake si tasa, hivyo hazina haja ya kujaribiwa. 63 inaanguka mara moja; 249 ni 3 mara 83. Ya kwanza kujaribiwa kwa kweli ni 311, nayo huacha baki la 35. Inafuata 1,303, inayoacha 226. Kisha 1,489, na kuendelea. Kazi ya majaribio elfu nne na mia kadhaa imepungua ikawa chini ya mia moja, yaani kazi ya siku chache kwa karani mwenye subira. Hakuna jaribio lililogawanya bila baki. Mwaka 1772, katika barua kwa mwanahisabati wa ukoo wa Bernoulli, Euler alitangaza kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa.

Namba hiyo ilibaki kuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana kuwa tasa kwa miongo mingi. Inafaa pia kutaja kwamba tangu zama za Euclid ilijulikana kwamba kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ilivyo jumla ya 1, 2 na 3. Yetu huzaa namba kamilifu ya nane, 2³⁰ × (2³¹−1), ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo itakayokuwa kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizo ni za udadisi tu na hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷−1 ni tasa, na utabiri wa Barlow ukaangukia hapo.

4.0 Pale utasa ulipopata kazi

Kugawanya kwa 2³¹−1 ni rahisi kwa kompyuta kwa sababu ileile inayofanya kugawanya kwa 99 kuwe rahisi kwetu. Ili kupata baki la 5,847 kwa 99, tunajumlisha mafungu yake, 58 na 47, tunapata 105. Tunarudia, 1 na 05, tunapata 6. Kompyuta hufanya hivyohivyo kwa mafungu ya biti 31, bila kugawanya hata mara moja.

Wepesi huo, pamoja na utasa, uliifanya namba hii ichaguliwe kuwa msingi wa kuzalisha namba za nasibu. Chukua 1, zidisha kwa 16,807, kisha chukua baki la kugawanya kwa 2,147,483,647, na urudie. Namba zinazotoka ni 16,807; 282,475,249; 1,622,650,073; na kuendelea. Kigezo 16,807, ambacho ni 7 kwa kipeo cha tano, kina sifa ya kuupitia kila mmoja wa wenyeji 2,147,483,646 mara moja tu kabla ya kurejea mwanzo. Mzunguko kamili wa namna hiyo usingewezekana kama namba ya kugawanyia isingekuwa tasa. Stephen Park na Keith Miller waliupendekeza mfumo huo mwaka 1988 kama kiwango cha chini kinachokubalika, na kutoa kipimo: ukianza na 1, zao la elfu kumi lazima liwe 1,043,618,065.

Watafiti wanaochota sampuli za kaya kwa programu za zamani wanapaswa kufahamu kwamba kiwango hicho cha chini kimepitwa na wakati. Mzunguko wa takribani bilioni mbili ni mfupi kwa uigaji mkubwa wa kisasa, na mfululizo wake hutabirika kwa anayejua namba moja tu iliyotoka; hivyo haufai kamwe kuzalisha nywila au namba za siri.

5.0 Ukomo

Sifa ya pili haina uhusiano na utasa. Kwa miongo mingi nafasi ya kawaida ya kuhifadhia namba nzima katika kompyuta imekuwa biti 32. Biti moja ikitumika kuonesha alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na namba kubwa kuliko zote ni ile ambayo biti zake zote 31 ni moja. Hapo ndipo Euler na mhandisi wa kompyuta wanapokutana, na ni kwa bahati: 31 imetokea kuwa tasa. Pasipo biti ya alama ukomo ungekuwa 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, na hakuna mwanahisabati ambaye angeusherehekea utasa wake.

Kinachotokea ukomo unapovukwa hutegemea programu. Katika baadhi ya lugha za kompyuta hesabu hugeuka kama kihesabu kilometa cha gari la zamani kinachotoka 99,999 na kurudi sifuri. Tofauti ni kwamba hapa hairudi sifuri bali huangukia −2,147,483,648. Programu nyingine hukataa na kutoa taarifa ya kosa, na hiyo ndiyo nafuu. Hatari zaidi ni hifadhidata zisizowekewa masharti makali, ambazo hukata namba iliyozidi na kuhifadhi ukomo wenyewe bila kusema neno. Namba za simu za Kenya, Tanzania na Uganda zikiandikwa pamoja na msimbo wa nchi zina tarakimu kumi na mbili. Zikiingizwa katika safu ya biti 32 ya aina hiyo, wananchi wote hupewa simu moja: 2147483647. Mtafiti anayekuta namba hiyo ikijirudia katika data yake asidhani ni mtu mwenye laini nyingi. Data halisi imekwisha kupotea, na hairejeshwi kwa hesabu yoyote.

Kuhusu fedha, ukanda wetu uko karibu zaidi na ukomo huo kuliko nchi ambako programu nyingi hutungwa. Kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni, shilingi za Tanzania 2,147,483,647 hazifikii dola milioni moja za Marekani, na za Uganda hazifikii dola laki saba. Mtunzi wa programu aliyezoea dola anaweza kuamini kwa dhati kwamba hakuna halmashauri itakayofika bilioni mbili. Hapa mkataba mmoja wa barabara hufika. Hali huwa mbaya zaidi pale mfumo unapohifadhi fedha kwa senti ili kukwepa desimali. Ukomo hushuka hadi shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa shilingi ya Kenya, nyumba moja jijini Nairobi yaweza kukizidi kiasi hicho. Kwa shilingi ya Tanzania, gari moja la mradi latosha.

Suala la tarehe ndilo pana zaidi. Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za dunia. Zikihifadhiwa katika nafasi tuliyoijadili, sekunde hizo zitaisha Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Nairobi, Dodoma na Kampala itakuwa saa kumi na mbili, dakika kumi na nne na sekunde saba asubuhi. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi itakuwa saa moja nyuma, alfajiri. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utasoma Ijumaa, tarehe 13 Desemba 1901, saa tano na dakika arobaini na tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki.

Ni kosa kulichukulia jambo hili kuwa la mwaka 2038. Mfumo hushindwa siku unapoandikiwa tarehe iliyo nje ya uwezo wake, si siku tarehe hiyo inapofika. Hati ya kumiliki ardhi ya miaka 33 iliyotolewa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2005 inaisha baada ya ukomo. Za miaka 66 na 99 zimo humohumo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, na kila mkataba wa urefu huo una tarehe ya mwisho ambayo biti 32 haziwezi kuibeba. Tarehe ya kustaafu ya mwajiriwa kijana nayo ni hivyohivyo. Pasipoti za miaka kumi zitaingia katika kundi hili kuanzia zile zitakazotolewa baada ya tarehe 19 Januari 2028. Na kwa upande wa nyuma, nyaraka za kale zinazowekwa katika mifumo ya kidijitali hukutana na mpaka mwingine: mkataba wa Uingereza na Ujerumani kuhusu Zanzibar, wa tarehe 1 Julai 1890, hauna sekunde yake katika kalenda hiyo, kwa kuwa umetangulia Desemba 1901.

6.0 Kinachowezekana

Tiba inajulikana, nayo ni nafasi ya biti 64. Ukomo wake ni 2⁶³−1, yaani 9,223,372,036,854,775,807, ambao kwa sekunde ni zaidi ya miaka bilioni 290. Namba hiyo si tasa, kwa kuwa 63 si tasa: inagawanyika kwa 7 mara mbili, kwa 73, kwa 127 na kwa namba tasa nyingine kubwa zaidi. Hakuna mfumo wa ardhi utakaoathirika kwa sababu hiyo, na hili linaonesha jinsi utasa wa 2³¹−1 ulivyokuwa jambo la pembeni katika suala la uhifadhi.

Ugumu uko kwingine. Mifumo mikuu ya uendeshaji imekwisha kuhamia biti 64 kwa kiasi kikubwa, na maofisa huelezwa kwamba tatizo limekwisha. Lakini safu ya hifadhidata iliyoundwa miaka ishirini iliyopita haipanuki kwa sababu mashine iliyo chini yake ni mpya. Vivyo hivyo mafaili yanayobadilishwa kati ya taasisi mbili: moja ikipanuka na nyingine isipanuke, kosa hutokea mpakani, na kila upande utaonesha kwamba mfumo wake uko sahihi. Kwa kuwa nchi za ukanda zinaendelea kuunganisha kumbukumbu za forodha, usafiri na utambulisho, mpaka huo si wa taasisi tu bali ni wa nchi.

Kwa mshauri wa sera, maswali ya kuingizwa katika nyaraka za zabuni na za ukaguzi ni machache na hayahitaji utaalamu wa hisabati. Ni kiasi gani kikubwa zaidi cha fedha ambacho kila safu inaweza kubeba, na kwa kizio gani, shilingi au senti? Ni tarehe gani ya mbali zaidi, mbele na nyuma, inayokubalika? Mfumo hufanya nini ukomo unapovukwa: hukataa, hugeuza, au hukata kimya? Majibu yasiishie kwenye karatasi. Nakala ya majaribio ya mfumo inaweza kusogezewa saa hadi dakika moja kabla ya ukomo wa 2038, ikaachwa ivuke, kisha ikaingiziwa hati moja ya miaka 66, malipo ya shilingi 2,147,483,648, na namba moja ya simu yenye msimbo wa nchi. Mafundi wawili wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja.